Mitandao ya Kijamii: Kipaza Sauti au Baraza?

Siku hizi wizara, mamlaka na halmashauri nyingi nchini Tanzania zina kurasa zake katika mitandao ya kijamii. Kurasa hizo hupambwa kwa picha za semina, hotuba za viongozi na salamu za sikukuu. Na mwisho wa mwaka idadi ya wafuasi huandikwa katika taarifa ya kazi kama ushahidi kwamba ofisi imewafikia wananchi. Dai hili lastahili kuchunguzwa kwa jicho la kisayansi. Kipimo chema ni kile kinachopima jambo linalotafutwa. Na linalotafutwa hapa si wingi wa macho yaliyopita juu ya tangazo, bali ni mwananchi kuelewa, kuuliza, kujibiwa, na hatimaye kutenda. Kwa kipimo hicho, kurasa nyingi ni vipaza sauti tu: zina kinywa, lakini hazina masikio.

Makala haya yanatetea hoja moja. Chombo kipya cha habari hakiwezi kufanya kazi ambayo ofisi yenyewe haikukusudia kuifanya. Ofisi isiyopenda kuulizwa itaugeuza mtandao kuwa ubao wa matangazo; ofisi inayotaka kusikia ingeweza kusikia hata kwa redio na karatasi. Historia ya nchi hii inatoa ushahidi wa pande zote mbili.

Fundisho la mwaka 1973

Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni iliyojulikana kwa jina la Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki kumi na mbili, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi kuhusu malaria, kichocho, kuhara, kifua kikuu na maradhi mengine yanayoweza kuzuilika. Lakini redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Katika kila kikundi watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu au wakasomewa, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya kijijini kwao: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi. Lengo lilikuwa kupata washiriki milioni 1. Waliojiunga walikadiriwa kufika milioni 2. Taarifa za wakati huo zilihesabu vyoo vipya kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo.

Ni nini kilicholeta matokeo hayo? Redio zilikuwa chache, na sauti yake mara nyingi ilikwaruza. Nguvu ya kampeni haikutoka katika mitambo, bali katika mpango wa mazungumzo uliozunguka mitambo hiyo. Kila tangazo lilikuwa na kikundi cha kulipokea, kila kikundi kilikuwa na mtu wa kukiongoza, na kila majadiliano yalikuwa na kazi mwishoni.

Hata hivyo kampeni hizo zilikuwa na upungufu wake. Mada zilichaguliwa makao makuu, na redio kwa asili yake husema bila kusikia. Mwanakijiji aliyegundua kwamba ushauri fulani haufai katika udongo wake alikuwa na barua tu, na barua ilikwenda polepole. Mitandao ya kijamii ingeweza kuziba pengo hilo hasa, kwa kuwa inapeleka na kurudisha habari kwa njia ile ile na kwa dakika zile zile. Ni ajabu basi kuona chombo chenye masikio kikitumiwa kama kile kisichokuwa nayo.

Matuta ya Uluguru na ngoro za Umatengo

Madhara ya ofisi isiyosikia yanaonekana vizuri zaidi katika historia ya hifadhi ya udongo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima ya Uluguru kujenga matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa njema, na kanuni ya kupunguza kasi ya maji yateremkayo ilikuwa sahihi. Lakini udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni tabaka jembamba. Kukata ngazi kulileta juu udongo wa chini usiozaa. Wakulima waliliona jambo hilo, wakalisema, wala hawakusikilizwa. Mwaka 1955 zilizuka ghasia, na mpango ukaachwa.

Linganisha na Umatengo, katika Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma. Huko, tangu kabla ya ukoloni, wakulima wamekuwa wakilima miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngoro. Majani yaliyokatwa hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani yale. Hivyo hupatikana shimo lililozungukwa na matuta, na mbegu hupandwa juu ya matuta hayo. Mvua inaponyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuteremka kwa kasi, udongo uliochukuliwa hubaki humo humo, na majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Hakuna ofisi iliyobuni utaratibu huu. Ulibuniwa na watu walioishi na mteremko na mvua yake, na mpaka leo wanasayansi huusoma kwa heshima.

Hapa pana sababu ya kwanza ya serikali kusikiliza, nayo si adabu peke yake. Mwananchi ana maarifa ambayo ofisi haina. Maswali na malalamiko yake ni data. Ofisi isiyoyakusanya inafanya kazi kama mtafiti anayetupa nusu ya vipimo vyake kabla ya kuandika matokeo.

Onyo likifika bila kueleweka

Chukua mfano ulio hai zaidi: taarifa za hali ya hewa. Kutoka milima ya Umatengo, penye kata kama Kitura, nchi huteremka mpaka pwani ya Ziwa Nyasa, iliyoko mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa ziwa, tangu mwaka 2012, ni Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay. Mkulima wa juu anataka kujua siku ya kupanda na siku ya kuanika kahawa. Mvuvi wa chini anataka kujua kama leo atarudi nyumbani. Wote wawili wanaitegemea Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa utabiri na maonyo kwa Kiswahili kupitia redio, televisheni na mitandao ya kijamii. Kazi hiyo ina thamani kubwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Bahari ya Hindi, taarifa za Mamlaka zilitolewa mfululizo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa kabla ya hatari kufika.

Lakini kufika kwa taarifa si kueleweka kwake. Maonyo ya Mamlaka yana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, zenye rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Kwa mtaalamu, ngazi hizo ni tofauti kabisa. Katika mazungumzo ya kila siku, angalizo na tahadhari hukaribiana mno. Anayeyasikia redioni bila kuona rangi anaweza kuyachukua kuwa neno moja.

Neno "wastani" lina mtego mkubwa zaidi. Katika utabiri wa msimu, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi cha kawaida kilichopatikana kwa kujumlisha na kugawanya vipimo vya miaka mingi. Kwa hiyo mahali ambapo kiasi cha kawaida ni milimita 1,000, mvua ya milimita 760 na mvua ya milimita 1,240 zote huitwa za wastani. Lakini katika lugha ya nyumbani, kitu cha wastani ni kitu hafifu kidogo, si kizuri wala si kibaya. Mkulima anayesikia kwamba msimu utakuwa wa wastani aweza kudhani kwamba ameonywa kuhusu upungufu, hali ametangaziwa msimu wa kawaida.

Upo pia ugumu wa mahali. Ziwa Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580, na limelala kaskazini kwa kusini. Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na umbali ambao upepo umesafiri juu ya maji bila kizuizi. Upepo wa kusini-mashariki, uvumao kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, hupata umbali mrefu wa kuyasukuma maji kando ya urefu wa ziwa. Ndiyo maana mawimbi makubwa yaliyozaliwa mbali kusini yaweza kufika ufukoni ambako upepo bado ni mpole. Mvuvi anayetazama anga ya kwake tu huliona onyo la ofisi kuwa uongo. Akirudi salama mara mbili, mara ya tatu hatalijali. Kama angekuwa na mahali pa kuuliza, "Mbona hapa shwari?", na akapata jibu linaloeleza habari ya umbali wa upepo, siku hiyo hiyo angekuwa amepata elimu inayoweza kuokoa maisha yake. Swali lake pia lingeifundisha ofisi namna ya kuandika onyo lijalo.

Chifu wa Lanet Umoja

Kwamba jambo hili lawezekana kumeonekana katika nchi jirani. Marehemu Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru nchini Kenya, alianza mwaka 2011 kutumia mtandao wa Twitter kuwasiliana na watu wa eneo lake. Aliandika kwa ufupi, mara nyingi kwa Kiswahili, juu ya mambo ya jirani: mtoto aliyepotea, mbuzi aliyeibwa, mkutano wa kesho. Mapema mwaka 2012 habari zake zilienea duniani baada ya ujumbe alioutuma alfajiri, kwamba nyumba ya mwalimu mmoja imevamiwa, kuwatoa majirani nje kwa wingi hata wezi wakakimbia.

Mambo matatu yalimfanikisha. Kwanza, wengi wa watu wake hawakuwa na simu za bei kubwa. Waliupokea ujumbe kama maandishi mafupi ya kawaida katika simu ndogo. Pili, mwandishi alijulikana: aliyetilia shaka habari aliweza kumwendea ofisini. Tatu, ujumbe ulimwomba msomaji kufanya kitu kilicho ndani ya uwezo wake. Vikundi vya Mtu ni Afya vilikuwa vimesimama juu ya misingi hiyo hiyo karibu miaka arobaini nyuma: chombo cha bei nafuu, mtu anayeaminika, na kazi ya kufanya.

Pingamizi na majibu

Wako wanaosema kwamba kuruhusu maoni ni kukaribisha matusi na uvumi, na kwamba watumishi hawatoshi kumjibu kila mtu. Pingamizi hili lina uzito. Lakini uvumi hauzaliwi na maswali. Huzaliwa na maswali yasiyojibiwa. Tena, maswali mengi hufanana: jibu moja lililoandikwa vizuri laweza kuwatosheleza mamia. Zaidi ya hayo, kumjibu mwananchi si hisani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na imeweka siku 30 kuwa kikomo cha kujibiwa.

Pingamizi la pili ni la kitakwimu, nalo ni zito zaidi. Waandikao mitandaoni si sampuli ya wananchi wote. Mwaka 1936, gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kosa halikuwa uchache wa majibu. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na magari, na waliojibu walikuwa wale tu waliopenda kujibu. Wingi wa data haukuweza kuusahihisha upendeleo wa namna zilivyokusanywa.

Nchini Tanzania hatari hiyo ipo. Mwaka 2024 takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zilionyesha laini za intaneti zaidi ya milioni 40, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini laini si mtu. Mfanyabiashara mmoja mjini aweza kuwa na laini tatu, na kaya nzima kijijini ikawa na simu moja isiyo na fedha ya kifurushi. Kwa hiyo maoni ya mtandaoni yafaa yatumiwe kugundua matatizo, wala si kuhesabu kura. Swali la mvuvi mmoja latosha kuonyesha kwamba onyo halieleweki. Maelfu ya alama za kupendezwa hayatoshi kuthibitisha kwamba linaeleweka.

Njia isiyokatika

Yapo pia mafunzo ya mwaka 2025. Tarehe 20 Mei akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X iliingiliwa na wahalifu na kutumiwa kueneza habari za uongo. Muda mfupi baadaye mtandao huo ukazuiwa nchini. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima, na huduma zikarudi baada ya siku kadhaa. Sababu zozote zitakazotolewa, matokeo ya kitaalamu ni wazi. Chombo cha onyo ambacho chaweza kutekwa na mhalifu au kufungwa kwa amri hakiwezi kuwa njia pekee ya kumfikia mtu aliye majini. Aidha, imani ya wananchi haijengwi siku moja. Serikali inayowaita watu barazani leo na kufunga mlango kesho, keshokutwa itawaita na wasije, hata kama safari hiyo habari ni ya kuokoa roho zao.

Mambo ya kufanya

Mapendekezo matano yafuatayo hayahitaji mitambo mipya.

Kwanza, kila ofisi itangaze muda wake wa kujibu, na iutimize. Kwa mambo ya kawaida muda huo uwe siku; kwa maonyo ya hatari uwe saa.

Pili, kila mwezi ofisi ichapishe daftari la maswali: yameulizwa mangapi, yamejibiwa mangapi, na yapi yaliyobadili uamuzi. Hesabu hiyo ichukue nafasi ya idadi ya wafuasi katika taarifa za kazi.

Tatu, lugha ya kila onyo ipimwe kabla ya kutumiwa. Watu kumi wa mwaloni wasomewe, kisha kila mmoja aeleze kwa maneno yake atafanya nini. Wakitofautiana, maneno yabadilishwe.

Nne, kila ujumbe muhimu uende kwa njia zaidi ya moja: mtandao, maandishi mafupi ya simu, redio, ubao wa kijiji, na bendera ya rangi ya onyo mwaloni, ambayo hata asiyejua kusoma ataiona.

Tano, mtendaji wa kata na ofisa ugani wapewe mamlaka ya kujibu yale wanayoyajua bila kungoja kibali cha makao makuu. Mtu anayejulikana ndiye aliyeifanya Lanet Umoja isikie.

Nafasi ya shule

Walimu na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuujaribu ukweli wa maneno haya wenyewe. Chombo cha kupimia mvua hakihitaji fedha nyingi: kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekwe mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, na kina cha maji kipimwe kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Darasa liandike vipimo hivyo kwa msimu mzima, tangu Novemba mpaka Aprili, na kuvilinganisha na utabiri uliotolewa kwa mkoa. Katika nchi ya milima tofauti kati ya shule moja na nyingine yaweza kuwa kubwa, na kuieleza ni somo zuri la jiografia.

Kisha darasa liandike swali moja lililo wazi kuhusu tofauti hiyo, na kulipeleka kwa ofisi inayohusika kupitia ukurasa wake, bila kutaja majina wala namba za simu za wanafunzi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siku zihesabiwe mpaka jibu litakapofika. Shule kumi zikifanya hivyo na kuchora matokeo yao katika grafu moja, patapatikana kitu ambacho hakimo katika taarifa nyingi za kazi: kipimo halisi cha usikivu wa ofisi ya umma. Grafu hiyo ipelekwe kwa ofisi iliyoulizwa, ili nayo ijue inasikia kwa kiasi gani, na msimu unaofuata jaribio lirudiwe.